Maua kwa masikio: seti ya kusikiliza Kiingereza niliyoifundishia dakani, Lamu

Boksi lenyewe ni la kijani, ukubwa wa boksi la viatu. Ndani mna kispika kidogo cha kuchaji, memori kadi yenye vipindi 12 vya kusikiliza, kadi 40 za picha na kijitabu cha mwalimu. Kila kipindi ni cha dakika tisa au kumi, chote kwa Kiingereza, na habari ni moja tu: mimea inayotoa maua. Sehemu za ua, mdudu anavyobeba chavua, ua linavyogeuka tunda, mbegu inavyosafiri. Umri ulioandikwa juu ya boksi ni miaka 8 hadi 11. Nililipa shilingi 2,400 duka la vitabu Mombasa, nikaongeza nauli ya mzigo kwa basi hadi Mokowe, na kutoka hapo boti. Nimeitumia kila Jumamosi asubuhi tangu Januari mpaka shule zilipofungwa Aprili, na sasa naweza kuieleza kwa uzuri wake na ubaya wake.

Siku hizi sifundishi shuleni. Nilifundisha miaka kumi na minne, nikaacha mamangu alipougua, na sasa nina tuisheni kwenye daka la nyumba yake, yaani kibaraza cha mlangoni, mtaa wa Langoni. Watoto ni kumi na mmoja, wa mtaani wote, Gredi ya 4 na ya 5. Anayezijua nyumba zetu za mawe analijua daka: vibaraza viwili vinatazamana, kivuli mpaka saa nne, upepo unapita. Punda wakija na mizigo ya mchanga tunasimamisha sauti mpaka wapite.

Kila mwalimu wa Kenya anajua kinachotokea mtoto akifika Gredi ya 4. Kwa sera ya nchi, gredi ya 1 hadi ya 3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, na kwetu Lamu lugha hiyo ni Kiswahili. Kuanzia ya 4 sayansi inageuka Kiingereza. Nina mtoto ambaye mwaka jana alinieleza kinaganaga kwa nini mpapai dume hauzai na kwa nini babu yake hakuung'oa wote, na mwaka huu nilipomuuliza jambo lilelile kwa Kiingereza akatazama vidole vyake vya miguu. Na hawa ni watoto waliokulia kwenye harufu ya maua! Wamewaona mama zao wakifunga kikuba cha asmini, rihani na mkadi. Wanajua asmini ichumwe saa ngapi ndipo ifunguke usiku. Nilichokuwa nakitafuta ni kitu cha kuwatia Kiingereza masikioni ili waweze kuyasema haya wanayoyajua. Kwa kipimo hicho ndipo naipima seti hii.

Nianze na sauti, maana hapo ndipo fedha yangu ilipofanya kazi. Wasomaji ni wawili, mama mmoja na kijana wa kiume, na hawana ile sauti ya kubembeleza inayowachosha watoto wakubwa. Wanasema polepole bila kuyavuta maneno. Kila agizo linasemwa mara tatu, na baada ya kila mara kuna kimya cha kutosha mtoto atende: "Touch the petals. Count the petals. Smell the flower." Vipindi vitatu vya kwanza mtoto haulizwi chochote cha kujibu kwa mdomo. Anasikia, anatenda, basi. Mbinu hii ya kusikia na kutenda iliundwa na James Asher wa Marekani miaka ya 1960, na kijitabu kinaieleza vizuri katika ukurasa mmoja: mtoto mchanga hutii maneno mengi kabla hajatamka hata moja, kwa hiyo tusimlazimishe mwanafunzi wa lugha mpya kusema siku ya kwanza.

Nina binti wa miaka tisa ambaye tangu aje kwangu sikuwa nimesikia neno lake moja la Kiingereza. Jumamosi ya kwanza aligusa petali, akahesabu, akanusa, akakaa. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikadhani amechoka na mchezo huu, kumbe ndiyo kwanza mkoko unaalika maua. Katika kipindi cha nne, kijana wa kwenye spika alipouliza "How many petals?", yeye ndiye aliyejibu "five" kabla ya wote, kwa sauti, na ua la haibiskasi mkononi. Nikasimamisha spika. Mama yake alikuwa amepita Usita wa Mui, barabara kuu ya mji, na kikapu cha samaki, nikamwita aje asikie, na binti akasema tena.

Sasa nije kwenye masikio yenyewe, kwa sababu hapa ndipo mtengenezaji hakutufikiria.

Kipindi cha tatu kinasema: "Look at the bud. The bud is closed." "Bud" ni tumba la ua. Niliwaambia wachore walichosikia. Watoto wanne walichora nyuni, yaani ndege, kama tusemavyo sisi wa Amu (Lamu). Mmoja wao alimchora nyuni ndani ya tundu lenye mlango uliofungwa, kwa kuwa neno "closed" alilisikia vizuri kabisa. Mwingine hakuchora, aliandika "bad" na kuweka alama ya kuuliza. Hakuna aliyekosea kwa uzembe. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza kina nyingi kuliko hizo. Maneno "bud", "bad" na "bird" kwa Mwingereza ni sauti tatu zilizo mbalimbali, lakini kwenye sikio la mtoto wetu zote zinaangukia ile "a" yetu moja. Kijitabu kinashauri kwamba mtoto asiposikia, mwalimu acheze tena. Nilicheza tena mara nne na nyuni wakabaki palepale.

Kilichosaidia ni kuweka vitu sakafuni. Tumba la haibiskasi hapa, picha ya ndege pale, na embe lililooza kwa ajili ya "bad". Nasema neno, mtoto anaruka mpaka kwenye kitu chake. Baada ya dakika kumi na tano za kuruka, tofauti ilianza kuingia, maana sasa kukosea kunampeleka mtoto kwenye embe bovu na wenzake wanaona. Zoezi kama hili lilipaswa kuwa ndani ya boksi. Seti inayouzwa Afrika Mashariki haiwezi kudhani kwamba sikio la mtoto wa Lamu limelelewa kwa irabu za London.

"Stem" (bua) na "stamen" (stameni, sehemu ya kiume ya ua inayotoa chavua) nazo zilitutesa. Kijana mmoja alifikiri "stamen" ni "stem" nyingi, kama "man" inavyokuwa "men". Hoja yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilimsifu kabla ya kumsahihisha. Tukalikata ua wima kwa wembe, nikawaonyesha stameni na vichwa vyao vya manjano, kila mmoja akapaka chavua kwenye kidole chake na kusema neno huku akikitazama kidole.

Na kuna "flower". Kutwa nzima watoto waliamini kwamba yule mama wa kwenye spika anazungumza juu ya unga, kwa sababu "flour" wanaijua: imeandikwa kwenye pakiti zinazotundikwa dukani. Walipoona ile chavua vidoleni, mmoja akasema, "Ndiyo maana, mwalimu! Unga wake ni huu." Ikabidi niwaambie jambo ambalo kijitabu hakina, na ni la kweli: zamani Kiingereza kiliyaandika maneno haya mawili kwa namna moja, kwa kuwa unga safi kabisa uliopepetwa uliitwa ua la nafaka. Tahajia ndiyo iliyotengana baadaye, sauti ikabaki moja. Walifurahi sana kusikia kwamba Kiingereza nacho kinachanganya.

Mimea iliyochaguliwa ndiyo kasoro kubwa. Kadi ya kwanza ni ua la daffodil, ya pili tulip, na kipindi cha kwanza kinaanza na majira ya kuchipua, theluji ikiyeyuka. Watoto wangu wanajua kaskazi na kusi, masika na vuli. Dakika tatu za kipindi cha kwanza zilipotea nikieleza theluji, na katika dakika hizo hakuna aliyesikia neno "petal". Sina ugomvi na maua ya Ulaya. Ni mazuri na siku moja watayaona. Lakini katika somo la kusikia, mtoto hushika neno geni kwa kuliegemeza kwenye kitu anachokijua. Neno likiwa geni na ua likiwa geni, ataegemea wapi? Tangu Jumamosi ya pili niliziweka kadi hizo kando, nikamwagiza kila mtoto aje na ua lake.

Hapo nako tulijifunza kwa shida. Watoto watano walikuja na bogenvilia, ile ya zambarau inayoning'inia juu ya kuta za mji mzima. Spika ikasema "Count the petals", wakahesabu tatu, wakafurahi. Sasa yale si petali. Ni majani yaliyobadilika rangi, huitwa "bract" kwa Kiingereza, na ukitazama kwa karibu kila moja limebeba kiua chembamba cheupe kama kijineli. Ua lenyewe ni hilo dogo. Nilimpa kila mmoja kioo cha kukuzia, tukakaa na bogenvilia nusu saa nzima, spika imezimwa. Kijitabu hakisemi neno juu ya maua ya namna hii, na mwalimu asiyejua atamfundisha mtoto kosa huku akimsifu kwa kuhesabu vizuri. Kwa mwanzo shikeni haibiskasi: petali tano, stameni zinaonekana, stigma (ncha inayopokea chavua) inaonekana, na kila kitu ni kikubwa.

Kipindi cha nane, cha wadudu, kinasema nyuki huyatembelea maua mchana, ni kweli, halafu kinaishia hapo. Watoto ndio waliouliza: asmini inayofunguka magharibi inamngoja nani? Swali hilo peke yake lilitosha kunionyesha walikuwa wanasikia, na Kiingereza, na kwa akili zao. Nikawaambia habari ya nondo wanaoifuata harufu gizani, na ya mbuyu, ambao ua lake jeupe hufunguka usiku, popo walao matunda wakalizuru, na kesho yake likadondoka chini. Wawili walikuwa wamepelekwa Takwa, kisiwani Manda, wakayakumbuka maua yaliyolala chini ya mibuyu. Mtengenezaji akitoa toleo la pili, naomba atupe kipindi kimoja cha usiku.

Lakini kipindi cha tisa kimenifanya nisamehe mengi. Ni hadithi ya vanila. Mmea huu asili yake ni Meksiko. Ulipandwa kisiwani Réunion, ambacho kimo katika bahari hii yetu ya Hindi, mashariki ya Madagaska, ukatambaa, ukatoa maua, ukakataa kuzaa, kwa sababu wachavushaji wake walibaki kwao. Wataalamu wakahangaika. Mwaka 1841 kijana wa miaka 12, Edmond Albius, aliyezaliwa utumwani, akagundua njia. Alichukua kijiti chembamba, akakiinua kile kijiwambo kinachotenganisha chavua na stigma, akabonyeza kwa kidole gumba, basi. Maua yakazaa. Mpaka leo wakulima wa vanila wanachavusha kwa mkono kwa njia hiyohiyo, ua moja moja.

Kipindi kimepangwa ili mtoto atende pamoja na Edmond: "Take the stick. Lift the flap. Press with your thumb." Nilikata vijiti vya mifagio ya makuti, kila mtoto akashika chake. Ua la vanila hatuna, tukatumia haibiskasi, na ingawa haina kijiwambo hicho, mikono ilijua la kufanya. Sijawahi kuona maneno "lift" na "thumb" yakishikwa kwa haraka hivyo. Kijana wa miaka 12, aliye mkubwa wa darasa na ambaye siku nyingine huja kwa kuburutwa, aliomba kipindi kichezwe tena, kisha tena. Wiki iliyofuata alikuja na kijiti chake mfukoni.

Nina lawama moja hapo. Spika inasema Edmond alikuwa mtumwa kwa nusu sentensi, kisha muziki wa furaha. Sisi wa pwani hatuwezi kulipita neno hilo hivyo. Nilizima, nikawaeleza kwa Kiswahili: utumwa ulikomeshwa kisiwani kwao mwaka 1848, ndipo akapewa jina la ukoo, wengine walitajirika kwa vanila, na yeye aliyeigundua njia akafa maskini mwaka 1880. Watoto walikaa kimya. Binti mmoja akauliza kama walimlipa hata kidogo. Mazungumzo hayo yalikuwa ya Kiswahili yote na sijuti, maana tulipowasha spika tena walisikiliza kwa namna nyingine kabisa.

Vipindi vya tano, sita na kumi, vya mizizi, majani na mbegu, ni vya kawaida. Vinapitika.

Cha 11 kinahusu majina ya kitaalamu ya mimea, na nilihofia kitakuwa kikavu. Kinataja Rosa kwa waridi na mengine ya Kilatini. Hapo niliwapeleka ndani, kwenye kiwanda cha nyumba, yaani uwanja wa ndani, ambako mamangu ana mkilua wake mmoja aliouotesha mwenyewe. Nyumba nzima inajua kilua, ua lake, kikifunguka, hakuna anayehitaji kuambiwa. Nikawaambia kwamba mwaka 1970 mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew, Uingereza, Bernard Verdcourt, aliuandika mti huu kwa jina la kitaalamu Mkilua fragrans. Alilichukua neno letu zima zima akalifanya jina la jenasi, na hilo la pili ni Kilatini, maana yake wenye kunukia. Kwa hiyo mtaalamu wa Japani au wa Brazili akiutaja mti huu katika kazi yake hana budi kutamka neno walilolisema bibi zetu. Mamangu alikuwa amekaa kitandani mlango uko wazi, akasikia. Akaniuliza kwa sauti, "Wameandika mkilua? Hivyo hivyo?" Nikamwambia, hivyo hivyo, mama. Akaagiza watoto wachumiwe kila mmoja kimoja, na yeye hachumishi kilua chake kwa mtu.

Juu ya vifaa nitasema kifupi. Kispika kinatoa sauti safi na kinatosha watoto kumi na watano, si zaidi. Chaji yake inakaa Jumamosi mbili. Waya wa kuchaji ulikufa mwezi wa pili. Niliandikia namba iliyo juu ya boksi mara tatu bila jibu, nikanunua mwingine kwa shilingi 150. Kadi ni za karatasi nzito isiyopakwa plastiki, na kwa hewa yetu ya chumvi zimeanza kujikunja kingo. Mzipake mapema. Memori kadi inaingia kwenye simu, kwa hiyo spika ikifa somo halifi.

Ningeipa nyota nne kwa sauti na mpangilio, na mbili kwa mimea. Kwa mwalimu au mzazi mwenye subira ya kukaa na mtoto, akashika ua huku anasikiliza, shilingi 2,400 ni halali. Anayetaka kumwashia mtoto spika kisha aende zake jikoni, asinunue, maana mtoto atachora nyuni na hakuna atakayejua. Anzeni na kipindi cha pili, theluji iacheni. Cha tisa kiwekeni siku watoto wanapoanza kuchoka.

Seti yangu ipo dakani. Mzazi wa Langoni au Mkomani akitaka kuisikia kabla ya kununua, aje Jumamosi kabla ya saa nne. Aje na mtoto, na mtoto aje na ua, lolote, hata la mwarobaini.